Mtoto wa Mafalala: Maisha ya Mchezaji Mpira

1. Mchezo ambao ni kazi

Kila jioni, masomo yakiisha, uwanja wa misioni hujaa watoto. Wanachora mstari wa goli kwa mguu, wanaweka mawe mawili, nao mchezo umeanza. Ukimwuliza mmoja wao atafanya kazi gani akiwa mtu mzima, atajibu upesi: Nitakuwa mchezaji mpira.

Ni vizuri basi tujue kazi hiyo ni kazi ya namna gani. Inaanza wapi? Inalipwa namna gani? Inakwisha lini? Fundi seremala anaweza kupiga randa hata akiwa na mvi. Mwalimu anaweza kufundisha mpaka wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza. Lakini mchezaji mpira huanza kazi akiwa kijana bado, na akifika miaka 35, mara nyingi kazi yake imekwisha. Maisha yake ya kazi ni kama siku ambayo jua lake linatua saa saba mchana.

Ili tuelewe vizuri, tufuate njia ya mtu mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu huyo ni Eusébio da Silva Ferreira, mtoto wa Afrika. Wazee wengi waliopata kuona mpira wa miaka ya 1960 hawajalisahau jina lake.

2. Mpira wa soksi

Eusébio alizaliwa tarehe 25 Januari 1942 katika mji wa Lourenço Marques, nchi ya Msumbiji. Siku hizi mji huo unaitwa Maputo. Wakati ule Msumbiji ilitawaliwa na Ureno. Wazungu walikaa katikati ya mji, penye nyumba za mawe na barabara za lami. Waafrika walikaa pembeni, katika mitaa ya nyumba za mbao na mabati. Mtaa mmoja wa namna hiyo uliitwa Mafalala. Huko ndiko alikokulia Eusébio.

Baba yake alikuwa mzungu aliyetoka Angola, mfanyakazi wa njia ya reli. Mama yake, Elisa, alikuwa Mwafrika wa Msumbiji. Eusébio alipokuwa na miaka 8, baba yake alikufa kwa ugonjwa wa pepopunda. Tangu siku hiyo mama peke yake alibeba mzigo wa kulisha na kulea watoto.

Fedha ya kununua mpira haikuwapo. Watoto wa Mafalala walichukua soksi kuukuu, wakaijaza magazeti na vitambaa, wakaifunga imara. Huo ndio mpira wao. Walicheza bila viatu, juu ya mchanga, mpaka giza liingie. Mara nyingine Eusébio alitoroka masomo ili acheze, na mama yake alikasirika sana. Mama alitaka mtoto wake ajue kusoma na kuandika kwanza, kwa maana aliona kwamba mpira hauwashi moto jikoni.

Tusiudharau mpira wa soksi. Mpira huo haurukiruki kama mpira wa ngozi. Ukitaka uende mbele, lazima uupige sawasawa. Uwanja una mashimo, na wachezaji ni wengi mahali padogo. Mtoto anayeweza kuuongoza mpira wa soksi katikati ya miguu 20 hujifunza mambo mawili: kuamua upesi, na kuupenda mpira ukae karibu na mguu wake. Hicho ndicho chuo cha kwanza cha mchezaji, nacho hakina karo.

Watoto wale waliunda ekipi yao wenyewe. Wakaiita Os Brasileiros, maana yake Wabrazili, kwa kuwa waliwastaajabia sana wachezaji wa Brazili.

3. Mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa

Mtoto anayecheza vizuri mtaani lazima siku moja aingie katika klabu. Klabu ina uwanja, ina viatu, ina mwalimu wa mchezo, tena ina ekipi za vijana kwa kufuata umri. Hapo kijana hujifunza mambo ambayo mtaa haufundishi: kufika kwa saa, kushika nafasi yake, kumpa mwenzake mpira, kumtii mwamuzi.

Katika Lourenço Marques klabu kubwa zilikuwa kama matawi ya klabu za Lisboni, mji mkuu wa Ureno. Klabu iliyoitwa Desportivo ilifuata Benfica ya Lisboni. Klabu iliyoitwa Sporting ya Lourenço Marques ilikuwa tawi la Sporting ya Lisboni. Benfica na Sporting ni mahasimu wa siku nyingi, kama paka na panya.

Eusébio aliipenda Benfica. Kwa hiyo alikwenda kwanza Desportivo kuomba nafasi, lakini hawakumpokea. Basi akaenda kwa mahasimu wao, Sporting. Hao walimpokea, wakamweka katika ekipi ya vijana. Mwaka ulikuwa 1957, naye alikuwa na miaka 15.

Katika miaka mitatu alipanda kutoka ekipi ya vijana mpaka ekipi ya wakubwa. Mwaka 1960 Sporting ya Lourenço Marques walitwaa ubingwa. Kijana huyu alikuwa na mbio kama swala, na mguu wake wa kuume ulipiga shuti ambalo walinda goli waliliogopa. Mlango mmoja ukifungwa, usikae chini ukalia mbele yake. Zunguka nyumba, pengine upo mwingine.

4. Habari iliyosikika kwa kinyozi

Sasa sikilizeni jinsi habari zake zilivyofika Ulaya. Mwaka 1960 ekipi moja ya Brazili ilitembea Afrika kucheza mechi. Mwalimu wake aliitwa José Carlos Bauer, naye zamani alikuwa mchezaji mashuhuri wa Brazili. Huko Lourenço Marques akamwona Eusébio, akashangaa. Aliporudi akapitia Lisboni. Siku moja, katika duka la kinyozi, akakutana na Béla Guttmann, Mhungaria aliyekuwa mwalimu wa Benfica. Bauer akamwambia habari za kijana yule. Guttmann hakukawia. Watu wa Benfica wakaenda kuongea na mama Elisa.

Mama hakumwacha mwanawe aende kama mbuzi anayeuzwa sokoni. Walipatana fedha, wakaandika mkataba. Tena mama akaandika barua kwa mtu mmoja aliyekuwa Lisboni tayari: Mário Coluna, mzaliwa wa Msumbiji vilevile, mchezaji mkubwa wa Benfica. Katika barua hiyo alimwomba amtunze mtoto wake. Coluna alikubali. Akamwonyesha Eusébio mahali pa kukaa, akamsaidia katika mambo ya fedha na mavazi, akamwonya kama kaka mkubwa. Maisha yake yote Eusébio alimwita kwa heshima: Bwana Coluna.

Mwezi wa Desemba 1960, Eusébio, mwenye miaka 18, akapanda ndege kwenda Lisboni. Safari hiyo ilikuwa ya siri. Sporting walidai kwamba kijana ni wao, kwa sababu alicheza katika tawi lao. Benfica waliogopa kunyang'anywa. Hata katika simu za maandishi hawakutaja jina lake. Walimwita Ruth Malosso, jina la mwanamke! Akafichwa siku kadhaa katika mji wa pwani ya kusini. Ugomvi wa klabu mbili ulidumu miezi, na muda huo wote kijana alifanya mazoezi tu. Hakuruhusiwa kucheza mechi hata moja. Katika mwezi wa Mei 1961 mambo yakatengenea. Tarehe 23 Mei akavaa jezi nyekundu ya Benfica kwa mara ya kwanza, katika mechi ya kirafiki, akafunga mabao 3.

5. Mkataba ni nini?

Hapo ndipo mchezo ulipogeuka kazi. Tueleze neno mkataba, kwa kuwa vijana wengi hutia sahihi bila kulielewa.

Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa. Klabu inaahidi kumlipa mchezaji mshahara. Mchezaji anaahidi kuichezea klabu hiyo peke yake kwa miaka fulani, kufanya mazoezi, na kuutunza mwili wake. Klabu nyingine ikimtaka, lazima iongee kwanza na klabu yake, na mara nyingi italipa fedha nyingi.

Siku zile klabu ilikuwa na nguvu kupita mchezaji. Hata miaka ya mkataba ilipokwisha, haikuwa rahisi kuondoka. Eusébio aliijua hali hiyo. Klabu tajiri za Italia zilimtaka, nazo zingemlipa mara nyingi zaidi. Hakwenda. Miaka mingi baadaye alieleza mwenyewe kwamba Salazar, mtawala wa Ureno, hakukubali atoke nchini. Wakuu wa Ureno walimhesabu kuwa mali ya taifa. Walipenda dunia imwone Mwafrika akivaa jezi ya Ureno, wakati katika makoloni watu walikuwa wakidai uhuru.

Baadaye sheria ilibadilika. Mwaka 1995 mahakama kuu ya Ulaya iliamua katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba wake anaweza kwenda klabu nyingine ya Ulaya bila kulipiwa fidia. Wachezaji wa siku hizi wanakula tunda la mti ambao Eusébio hakuuona.

6. Usiku wa Amsterdam

Kila mwaka mabingwa wa nchi za Ulaya walishindania Kombe la Ulaya. Mwaka 1961 Benfica walilitwaa kabla Eusébio hajaanza kucheza mashindano hayo. Mwaka 1962 walifika tena mechi ya mwisho, mjini Amsterdam, nchi ya Uholanzi. Adui zao walikuwa Real Madrid ya Hispania, waliokwisha kulipata kombe hilo mara 5. Katika Real Madrid walikuwamo Puskás na Di Stéfano, wachezaji ambao watoto wa dunia nzima waliyajua majina yao.

Ilikuwa tarehe 2 Mei. Puskás akafunga mabao 3 kabla ya mapumziko. Benfica wakawa nyuma, 3 kwa 2. Baada ya mapumziko Coluna akasawazisha kwa shuti la mbali: 3 kwa 3. Kisha mwamuzi akatoa penalti kwa Benfica.

Nani apige? Eusébio alikuwa na miaka 20 tu. Akamwendea Coluna, akamwomba kwa adabu amwachie. Coluna akakubali. Eusébio akapiga, mpira ukaingia. Dakika chache baadaye akafunga bao lingine. Benfica wakashinda 5 kwa 3.

Mechi ilipokwisha, kijana hakutafuta kombe kwanza. Alimtafuta Di Stéfano, ambaye alimheshimu tangu utoto, akamwomba jezi yake. Akaishika sana, asiipoteze katika msongamano wa watu.

Mwaka 1965 gazeti moja la Ufaransa lilimpa Mpira wa Dhahabu, zawadi ya mchezaji bora wa Ulaya. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuipata.

7. Mabao matatu nyuma

Tarehe 23 Julai 1966, katika mji wa Liverpool, Uingereza, Ureno walicheza na Korea ya Kaskazini katika Kombe la Dunia. Watu hawakuitazamia sana Korea, ingawa siku chache mbele ilikuwa imewafukuza Waitalia. Dakika ya kwanza, bao la Korea. Dakika ya 22, bao la pili. Dakika ya 25, bao la tatu. Uwanja mzima ulishangaa.

Mtu akipigwa hivyo, mara nyingi huanza kugombana na wenzake. Huyu amesema kosa ni la yule, yule amesema ni la mlinda goli. Eusébio hakusema maneno. Dakika ya 27 akafunga. Akauchukua mpira wavuni, akakimbia nao mpaka katikati ya uwanja, ili mchezo uanze upesi. Kabla ya mapumziko akafunga penalti. Baada ya mapumziko akasawazisha. Kisha akakimbia na mpira toka mbali upande wa kushoto, akaangushwa penye eneo la penalti. Alikuwa na maumivu, lakini akainuka akaipiga mwenyewe: 4 kwa 3. Mabao yote 4 yalikuwa yake. Mwishoni mwenzake José Augusto akafunga la tano.

Katika nusu ya mwisho Ureno walishindwa na Uingereza, 2 kwa 1. Bao moja la Ureno lilifungwa na Eusébio kwa penalti. Alitoka uwanjani akifuta machozi kwa jezi yake, na dunia nzima ikamwona. Siku mbili baadaye akafunga tena, Ureno wakashinda Urusi ya Kisovyeti, wakapata nafasi ya tatu. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, kupita wachezaji wote.

8. Kushindwa kwa heshima

Msidhani kwamba mchezaji mkubwa hushinda siku zote. Baada ya mwaka 1962 Benfica na Eusébio walifika mechi ya mwisho ya Kombe la Ulaya mara tatu zaidi: mwaka 1963, mwaka 1965, na mwaka 1968. Mara zote tatu walishindwa.

Mwaka 1965 walicheza Milano, katika mvua kubwa, juu ya uwanja uliojaa maji. Mlinda goli wao aliumia. Siku zile hapakuwa na ruhusa ya kumwingiza mchezaji mwingine. Beki Germano akakaa golini, nao wakaendelea watu 10. Walishindwa kwa bao 1 tu.

Lakini mechi ya kukumbuka ni ile ya 1968, mjini London, juu ya Manchester United. Muda ulikuwa karibu kwisha, nao walikuwa sawa, 1 kwa 1. Eusébio akapenya peke yake, akabaki na mlinda goli tu, Alex Stepney. Akapiga kwa nguvu zote. Stepney akaudaka mpira kifuani, akausimamisha. Kama ungaliingia, kombe lingalikuwa la Benfica.

Eusébio alifanya nini? Alisimama mbele ya mwenzake, akampigia makofi. Hakutukana, hakupiga ardhi kwa mguu. Alitambua kazi njema, hata ilipomwumiza mwenyewe. Katika muda wa nyongeza Manchester walifunga mabao 3, wakachukua kombe. Waingereza walimpenda Eusébio kwa mabao yake, lakini kwa makofi yale walimheshimu.

Nasi katika uwanja wetu tunaweza kupima hapo nani ni mchezaji kweli.

9. Goti

Tangu mwanzo mabeki walikuwa na dawa moja juu ya mtu mwenye mbio: kumpiga miguu. Waamuzi wa siku zile waliruhusu mambo mengi. Hata kadi za njano na nyekundu hazikuwapo katika Kombe la Dunia mpaka mwaka 1970. Aliyeteseka zaidi ni goti lake la kushoto.

Tazama goti lako mwenyewe. Hapo hukutana mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kati ya mifupa hiyo Mungu ameweka vipande viwili vya gegedu, laini na imara, vyenye umbo la mwezi mchanga. Kazi yake ni kama ya mto chini ya mzigo: vinazuia mifupa isisagane. Mtu akigeuka ghafula, mguu ukiwa umekazwa chini, gegedu inaweza kuchanika. Mtu akimgonga wakati huohuo, hatari inazidi.

Zamani waganga wa upasuaji waliitoa gegedu iliyochanika. Mchezaji alipona maumivu, akarudi uwanjani. Lakini bila mto ule mifupa ilisagana mwaka kwa mwaka, goti likavimba, likajaa maji. Siku hizi waganga hujitahidi kuishona na kuibakiza kadiri iwezekanavyo.

Eusébio alipasuliwa goti la kushoto mara 6. Kila mara alirudi. Mara nyingine alidungwa sindano ya kuondoa maumivu ili aweze kucheza, kwa kuwa watu walilipa kiingilio wamwone yeye. Sindano huondoa maumivu, haiponyi jeraha. Maumivu ni kama mlinzi anayepiga kelele usiku. Ukimfunga kinywa mlinzi, mwizi hajaondoka.

Hata hivyo kazi aliyoifanya kwa goti hilo ni ya kustaajabisha. Katika miaka 15 alitwaa na Benfica ubingwa wa Ureno mara 11. Alikuwa mfungaji wa kwanza wa Ureno mara 7. Mwaka 1968 na mwaka 1973 alipewa Kiatu cha Dhahabu, zawadi ya yule aliyefunga mabao mengi zaidi katika mashindano ya nchi za Ulaya: 42 mara ya kwanza, 40 mara ya pili. Kwa Benfica alifunga mabao 473 katika mechi za mashindano. Ekipi ya taifa la Ureno aliichezea mara 64, akafunga mabao 41.

10. Jioni ya kazi

Mwaka 1975 Eusébio aliondoka Benfica. Alikuwa na miaka 33. Mwaka huohuo, tarehe 25 Juni, Msumbiji ilipata uhuru wake.

Angeweza kupumzika? Mishahara ya siku zile haikuwa kama ya leo. Mchezaji wa miaka 33 ana miaka mingi mbele ya kulisha jamaa yake, naye hajui kazi nyingine. Kwa hiyo Eusébio, kama wengi wa rika lake, alikwenda Amerika. Huko mpira wa miguu ulikuwa mgeni, na matajiri walilipa vizuri kwa ajili ya majina makubwa. Alicheza Boston, akacheza Meksiko, akacheza Toronto katika nchi ya Kanada. Mwaka 1976 Toronto walitwaa ubingwa wa Amerika ya Kaskazini, na katika mechi ya mwisho Eusébio alifunga bao. Mbio zilikuwa zimekwisha, lakini shuti lilibaki.

Wakati wa baridi alirudi Ureno, akacheza katika klabu ndogo iitwayo Beira-Mar. Hapo likamfikia jambo gumu: mwezi wa Januari 1977 alipaswa kucheza juu ya Benfica yake mwenyewe. Alikwisha kuwaambia rafiki zake wa Benfica kwamba hatawafunga. Penye mpira wa adhabu karibu na goli, mahali alipozoea kufunga, alimwachia mwenzake apige. Wengine wamemsifu kwa jambo hilo. Wengine wamesema kwamba anayepokea mshahara wa klabu lazima aitumikie kwa nguvu zote. Ninyi mwaonaje? Zungumzeni na mwalimu wenu.

Kisha alicheza katika União de Tomar, klabu ya daraja la pili, na tena Amerika. Mtu aliyemfunga Real Madrid mbele ya Ulaya nzima, sasa alicheza katika viwanja vidogo, goti likiwa limefungwa bendeji. Wengine walimcheka. Haifai kucheka. Alikuwa mfanyakazi anayemaliza siku yake. Mwaka 1978 aliacha mpira wa uwanjani, akacheza kidogo tu mpira wa ndani ya nyumba, halafu akatundika viatu.

11. Baada ya filimbi ya mwisho

Benfica haikumsahau. Alirudi kwao, akasaidia kufundisha, akawa mjumbe wa klabu na wa ekipi ya taifa. Mwaka 1992 sanamu yake ilisimamishwa mbele ya uwanja wa Benfica. Inamwonyesha anapiga shuti, kama watu walivyomkumbuka.

Alikufa Lisboni tarehe 5 Januari 2014, kwa ugonjwa wa moyo, akikaribia miaka 72. Serikali ya Ureno ilitangaza siku tatu za kilio. Jeneza lake lilizungushwa uwanjani mbele ya maelfu ya watu. Kabla miezi miwili haijatimia, Bwana Coluna naye akafariki huko Maputo. Mwaka 2015 mwili wa Eusébio ulihamishiwa katika kanisa la Santa Engrácia, ambalo ni makaburi ya mashujaa wa Ureno. Hakuna mchezaji mpira mwingine aliyezikwa humo kabla yake. Mtoto wa nyumba ya mabati alilala pamoja na marais na washairi.

Sasa turudi kwenye uwanja wetu wa misioni. Katika watoto 100 wanaocheza leo, pengine hata mmoja hataishi kwa mpira. Hilo si jambo la huzuni. Mchezo hufurahisha bila mshahara. Lakini yule mmoja, na wale 99 pia, wakumbuke njia ya Eusébio. Alihitaji mama aliyesoma mkataba kabla ya kumtoa mwanawe. Alihitaji Coluna wa kumshika mkono ugenini. Alihitaji mwili, naye aliutumia mpaka ukachakaa. Hakuwa na muda wa kujifunza kazi ya pili, ndiyo maana jioni yake ilikuwa ngumu.

Kwa hiyo, kijana, kengele ya masomo ikilia, uache mpira chini ya mwembe. Utaukuta palepale saa kumi.

Maulizo

1. Kwa nini mchezaji mpira huacha kazi mapema kuliko seremala au mwalimu?
2. Mpira wa soksi humfundisha mtoto mambo gani?
3. Kwa nini Benfica na Sporting waligombana kwa ajili ya Eusébio?
4. Mama Elisa alifanya nini ili mtoto wake asipotee ugenini?
5. Mkataba ni nini? Kila upande huahidi nini?
6. Eleza Eusébio alifanya nini baada ya Korea kufunga mabao 3.
7. Kwa nini alimpigia makofi mlinda goli wa Manchester? Wewe ungalifanya nini?
8. Gegedu ya goti ina kazi gani? Kwa nini sindano ya maumivu haitoshi?
9. Kazi ya kuandika: Chagua kazi moja unayoipenda. Andika mistari 10: inaanza wapi, inahitaji masomo gani, na mtu huiacha lini.